Kuvuta Pasi na Kusukuma: Uhakiki wa Istilahi za Daftari la Pamoja

1.0 Utangulizi

Mnamo Aprili 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuunda Git, programu ya kutunza historia ya msimbo unaoandikwa na watu wengi kwa pamoja. Kila anayeitumia anakabiliwa na kazi moja isiyokwisha: nakala iliyo katika kompyuta yake haina budi kwenda pamoja na nakala ya wote iliyowekwa mahali pa mbali. Katika vyuo vya mashariki ya Kongo mafunzo hutolewa kwa Kifaransa na amri za programu huandikwa kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wanapoelezana wao kwa wao hutumia Kiswahili. Hapo ndipo suala la istilahi linapozuka.

Makala haya yanahakiki maneno ya Kiswahili yanayotumika, au yanayoweza kutumika, kuitaja kazi hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba vitenzi viwili vilivyozoeleka, yaani kusawazisha na kulandanisha, hutaja matokeo na kuficha mwenendo. Mwenendo wenyewe una pande mbili, kuleta na kupeleka, na kati yake pana uamuzi wa binadamu. Upungufu huo hauishii kwenye kompyuta. Namna hiyohiyo ya kufikiri imetawala uhusiano kati ya Kiswahili sanifu na Kiswahili cha Kongo: upande mmoja umetarajiwe kupokea tu, nao mwingine kutoa tu.

Mifano inatolewa Kibumba, kilomita zipatazo 20 kaskazini mwa jiji la Goma, kwenye barabara iendayo Rutshuru. Kibumba iko chini ya volkano za Nyiragongo na Mikeno. Ilijulikana ulimwenguni mwaka 1994 kwa kambi kubwa ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vya M23 vilifika huko, na wakazi wengi wakakimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma. Ni mahali ambapo mawasiliano na mji hayachukuliwi kuwa jambo la hakika. Istilahi itakayoeleza vyema kazi hii kwa mtu wa Kibumba itafaa popote pale.

2.0 Kazi yenyewe

Programu zilizotangulia, kama vile CVS na Subversion, zilikuwa na daftari moja tu lililo kamili, nalo lilikaa katika kompyuta kuu. Mtumiaji alipewa kurasa za kufanyia kazi. Daftari lenyewe hakupewa. Mawasiliano yalipokatika hakuweza kuandikisha badiliko lake wala kuperuzi historia yote ya nyuma. Git iliuvunja mpango huo. Kwa kawaida kila nakala ni daftari zima: ina kila badiliko, jina la aliyelifanya, tarehe yake na maelezo yake.

Uchukuliwe mfano wa mwanafunzi anayeishi Kibumba. Anashuka Goma, anachukua nakala, kisha anarudi kwao na kufanya kazi juma zima bila rezo, akiandikisha kila hatua. Juma likiisha madaftari yametengana: lake lina maandiko ambayo la wote halina, na la wote lina maandiko ya wenzake ambayo yeye hajayaona. Hakuna aliyekosea. Kutengana ni matokeo ya kawaida ya watu wawili kufanya kazi kwa wakati mmoja.

Kuyarudisha pamoja kuna hatua nne. Kwanza, huleta maandiko ya wenzake katika kompyuta yake bila kuigusa kazi yake mwenyewe. Pili, hulinganisha. Tatu, huunganisha: mabadiliko yaliyo mahali mbalimbali programu huyaunganisha yenyewe, lakini mstari uleule ukiwa umebadilishwa kwa namna mbili, programu husimama na kumwachia mtu aamue. Nne, hupeleka matokeo kwenye daftari la wote. Akijaribu kupeleka kabla ya kuleta, hukataliwa, kwa sababu angefunika maandiko ambayo hajayasoma. Ipo amri inayofanya hatua ya kwanza na ya tatu kwa mkupuo mmoja, nayo ndiyo wanafunzi wengi huianzia. Ubaya wake ni kwamba huruka hatua ya pili.

Kwamba kukatika kwa njia kati ya mahali na kituo si jambo dogo, watu wa Goma wanalifahamu kwa uchungu. Kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikuwa kimekosa intaneti, baada ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kufikia mwisho wake. Kipimo kilichoko mlimani kinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini kisipofika kwa wanaopaswa kukisoma, usahihi wake haumsaidii mtu. Ni funzo linaloihusu pia kamusi.

3.0 Jina la daftari

Kabla ya vitenzi, yafaa liangaliwe jina la kile kinachotunzwa. Maneno yanayopendekezwa ni hazina, ghala, bohari na hifadhi. Yote manne yana dosari moja. Hazina na ghala ni mahali pa kutunza mali, na mali ikichukuliwa hupungua. Gunia la maharagwe likitolewa ghalani, ghala limepungukiwa na gunia moja. Katika kazi hii kila mtu huchukua vyote, na hakuna kinachopungua. Aidha, ghala halikumbuki: halina habari za nani aliingiza nini na lini, na mwenye kutaka habari hizo huenda kwa karani.

Wanafunzi wa Goma wana neno jingine, depo, walilolipata kwa njia ya Kifaransa. Mjini humo depo ni duka kubwa la jumla, ambako wenye maduka madogo hununua vinywaji na bidhaa nyingine. Kwa bahati, Kifaransa hutumia neno hilohilo kwa daftari la msimbo. Neno hili lina sifa ya kueleweka mara moja na kila mtu, mwanafunzi na mchuuzi. Hata hivyo linaleta picha isiyofaa: bidhaa hutoka depo kwenda kwa mwenye duka, wala mwenye duka harudishi kitu ila chupa tupu.

Kwa sababu hizo makala haya yanapendelea neno daftari. Daftari huandikwa, hunakiliwa na kukumbuka, na nakala yake iliyo kamili ina thamani ileile. Si neno geni kwa mwenye kufanya biashara, kwa mwalimu wala kwa katibu wa kikao. Neno depo lisikataliwe kwa hayo. Liandikwe kando yake kama kisawe cha mashariki ya Kongo.

4.0 Kusawazisha na kulandanisha

Kitenzi sawazisha kimejengwa juu ya sawa. Kusawazisha ardhi ni kuondoa kilima na kujaza bonde hadi pawe tambarare. Kitenzi landanisha kinatokana na landana, yaani kufanana. Vyote viwili vinasema kwamba mwishoni vitu viwili havina tofauti. Kwa simu inayotunza majina ya jamaa na marafiki, maneno haya yanatosheleza: mwenye majina ni mtu mmoja, na tofauti kati ya nakala zake ni upungufu tu wa kuziba.

Lakini kwa daftari la watu wengi maneno haya yanapotosha kwa namna tatu. Kwanza, hayasemi ni upande upi unaobadilika. Mtu akiambiwa asawazishe nakala yake, atadhani ni yake tu inayopaswa kurekebishwa ili ifanane na ile ya mbali. Pili, yanachukulia tofauti kuwa kasoro, ilhali tofauti ndiyo kazi iliyofanyika. Mwanafunzi aliyekaa juma zima bila kuwa na tofauti yoyote na wenzake hakufanya kitu. Tatu, yanaahidi kwamba mashine itamaliza jambo lenyewe, kumbe pale penye uzito mashine husimama na kumngoja mtu.

Kitenzi kinachofaa zaidi ni patanisha. Hakiwezi kutumika pasipo pande mbili ambazo kila mmoja umesema neno lake. Anayepatanisha hatakiwi kumfanya mmoja afanane na mwenzake. Anatakiwa kupata kauli ambayo wote wawili wanaweza kuitia sahihi. Kwa hiyo kazi nzima iitwe kupatanisha madaftari, na hatua zake ziitwe kuleta, kulinganisha, kuunganisha na kupeleka. Vuta na sukuma, ambavyo ni tafsiri za moja kwa moja, si vibaya. Huonyesha waziwazi pande mbili za mwendo. Mtu wa Kibumba atavielewa kwa mfano wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio. Ikishuka Goma na mzigo wa kabichi na viazi, mteremko huibeba. Ikipanda kurudi, ni mwenyewe anayeisukuma. Mwendo wa kupokea ni mteremko. Mwendo wa kutoa ni mlima.

5.0 Neno asili

Mtu anaponakili daftari la mbali, Git hulipa daftari hilo jina la kawaida lenye maana ya asili au chimbuko. Ni jina la mazoea tu. Mwenye nakala anaweza kulibadilisha apendavyo, na anaweza kuwa na madaftari ya mbali mawili au zaidi, kila moja na jina lake. Programu yenyewe haiyapi madaftari hayo cheo. Kinacholifanya daftari moja kuwa la wote ni makubaliano ya watu.

Mfasiri akiandika asili bila maelezo, maana hiyo hupotea. Katika Kiswahili, asili ni kitu cha kwanza na cha kweli. Kilichotoka kwake ni tanzu, na pengine ni kivuli chake. Mwanafunzi ataamini kwamba nakala yake ni duni kwa maumbile, ilhali kwa muundo wa programu ina historia yote iliyomo katika ile ya mbali, pamoja na yale aliyoyaongeza. Daftari la mbali likiteketea, nakala ya Kibumba inaweza kulifufua. Istilahi inayofaa basi ni daftari la wote au daftari la mbali. La kwanza linataja makubaliano, la pili linataja umbali, na hakuna linalodai ukoo.

6.0 Mgongano katika mstari mmoja: neno tosha

Uchukuliwe sasa mfano unaokutanisha istilahi na lugha yenyewe. Wanafunzi wawili, mmoja Kibumba na mwingine Dar es Salaam, wanaandika orodha ya maneno kwa ajili ya programu ya kusahihisha tahajia. Kila mmoja ana nakala yake. Wote wawili wanafika kwenye neno tosha. Wa Dar es Salaam anaandika: kuwa kiasi kinachohitajika. Wa Kibumba anaandika: kuondoa kitu mahali kilipo, kwa kuwa katika Kiswahili cha Kivu mtu huambiwa atoshe viatu vyake mlangoni. Wanapokutanisha madaftari, programu husimama. Huuandika mstari wa kwanza, chini yake mstari wa pili, huweka alama za kuutenganisha mmoja na mwingine, na kungoja.

Kuna wanaoiita hali hii mgogoro. Neno hilo ni zito mno, hasa mahali ambapo watu wameijua migogoro kwa miili yao. Mgongano unatosheleza: vitu viwili vimefika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mgongano si kosa la programu wala la mtu. Ni programu inayokiri kwamba jambo hili haliwezi kuamuliwa kwa hesabu.

Njia za kuutatua ni tatu. Ya kwanza ni kushika ya wenzake na kufuta yake. Ya pili ni kinyume chake. Ya tatu ni kuandika mstari mpya unaozingatia yote mawili. Kwa mazoea ya miaka mingi, mwanafunzi wa Kibumba atachagua ya kwanza. Amefundishwa kwamba kilicho chake ni Kiswahili kibovu, na kwamba kilichotoka pwani ni bora kabla hata hakijasomwa.

Lakini akisimama kidogo alinganishe, ataona jambo. Kiswahili sanifu kina anguka na angusha, waka na washa, kumbuka na kumbusha. Kwa kanuni hiyohiyo, toka huzaa tosha. Mzungumzaji wa Kivu hakuiharibu lugha. Ameitumia kanuni yake mahali ambapo usanifu hutumia toa. Uamuzi wa haki, kwa hiyo, ni wa tatu: tosha ya kwanza, kuwa kiasi kinachohitajika; tosha ya pili, kitenzi cha kutendesha kinachotokana na toka, chenye maana ya kuondoa, kinachotumika mashariki ya Kongo. Daftari la wote linapata mistari miwili, na asomaye anaambiwa kila mmoja unatumika wapi. Hakuna aliyeshindwa. Uamuzi huo usingefikiwa na mtu aliyeamriwa kusawazisha.

7.0 Daftari la Kiswahili

Historia ya usanifishaji inafahamika. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, haikuwamo. Mwaka 1964 kazi ya Kamati ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981.

Baadhi ya wahakiki huieleza historia hii kama ubabe. Katika Git ipo amri ya kupeleka kwa nguvu, ambayo hufunika maandiko ya wengine katika daftari la wote, na mtu angeweza kudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kwa upande wa Kongo mfano huo si sahihi. Maandiko yake hayakufutwa katika daftari la wote, kwa maana hayakuwahi kuingizwa humo. Mzungumzaji wa Kongo alipewa ruhusa ya kusoma. Ya kuandika hakupewa.

Wala haikuwa kwamba hakukuwa na cha kupeleka. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Edgar Polomé alikichunguza Kiswahili cha Lubumbashi katika miaka ya 1960. Mwaka 2016 Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa kitabu cha matini na sarufi ya Kiswahili cha Kivu. Kazi hizi ni muhimu, lakini zilipelekwa zaidi kwa wasomaji wa isimu wa Ulaya na Marekani, zikiambatana na maelezo ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Goma anaweza kukuta lugha ya mama yake imeelezwa kwa lugha asiyoimudu.

Orodha ya kimataifa ya majina ya lugha, ISO 639-3, iliyotolewa mwaka 2007, imekwisha kuonyesha njia kwa ufupi wa kupendeza. Ina alama swa kwa Kiswahili kwa jumla, na chini yake alama mbili: swh kwa Kiswahili cha pwani na sanifu, swc kwa Kiswahili cha Kongo. Huo ni mpangilio ambao mtumiaji wa Git angeuita shina na matawi. Katika Git tawi halihesabiwi kuwa kosa. Ni mahali ambapo kazi inaendelea huku historia ya pamoja ikibaki kuwa ya pamoja.

8.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba kila mtu akiruhusiwa kupeleka, daftari la wote litajaa takataka na usanifu utakufa. Hofu hii ina msingi. Shule inahitaji tahajia moja, na mtoto wa Kibumba atakayesoma Arusha au Kampala anahitaji lugha itakayoeleweka huko. Lakini hata katika kazi ya msimbo kupeleka si kuingiza kiholela. Badiliko hupendekezwa, husomwa na mwenye dhamana, hujadiliwa, kisha hukubaliwa au hukataliwa kwa sababu zilizoandikwa. Kinachodaiwa hapa ni kwamba pendekezo lifike na lisomwe. Kukubaliwa ni hatua nyingine.

Pingamizi la pili ni kwamba hakuna chombo cha kufanya hivyo. Hoja hii imepungua nguvu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya hiyo ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar. Kuhusu zana, mradi wa kamusi ya intaneti ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ulikwisha kuonyesha kwamba watumiaji waliotawanyika wanaweza kuchangia maneno, na mhariri akayapima.

La tatu ndilo zito zaidi. Ni kwamba watu wa Kibumba wana shida kubwa kuliko istilahi. Ni kweli. Jiji la Goma lenyewe liliingia mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025. Hata hivyo, ni katika hali kama hiyo ndipo tofauti kati ya kurasa za kuazima na daftari zima inapoonekana. Mtu anayelazimika kuondoka usiku hubeba kile alicho nacho. Aliyekuwa na ruhusa ya kusoma tu, njia ikifungwa, hana kitu. Aliyekuwa na daftari zima anaweza kuendelea kuandika popote atakapofika, na siku njia itakapofunguliwa kuna cha kupatanisha.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamependekeza daftari badala ya ghala, daftari la wote badala ya asili, mgongano badala ya mgogoro, na kupatanisha badala ya kusawazisha na kulandanisha kila inapohusika kazi ya watu wengi. Mapendekezo hayo yenyewe ni badiliko lililopelekwa kusomwa. Wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar wanaweza kuwa na mistari yao iliyo bora zaidi, nao mgongano ukitokea utatatuliwa kama ule wa tosha: kwa kulinganisha kwanza.

Lililo la lazima ni dogo. Mwalimu wa Goma anapomfundisha mwanafunzi kupokea kazi ya wenzake, amfundishe siku hiyohiyo namna ya kuwapelekea ya kwake. Naye mwenye kutunza daftari la Kiswahili, kokote aliko, akifikiwa na neno kutoka Kibumba, alisome kabla ya kulisahihisha.